Shamba Lililopinda Lina Kipimo Chake



Shamba lako lina ukubwa gani? Huenda utajibu, "Ni kama eka mbili." Katika mazungumzo, neno "kama" halina ubaya. Lakini siku ya kuuza, kununua, kugawana urithi au kuandikiwa hati, neno hilo laweza kukupotezea mali.

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, kibanja cha migomba na mibuni si kama uwanja wa mpira. Kibanja hufuata mteremko, njia, kijito na mipaka ya majirani. Upande mmoja ni mrefu, mwingine ni mfupi. Wazee walipanda milamula mpakani ili watu wasigombane. Mlamula unaonyesha mwisho wa shamba. Lakini mlamula hausemi shamba lina ukubwa gani.

Siku hizi watu huja na vifaa vidogo vya kupimia. Huzunguka shamba, hubonyeza, kisha hutaja hesabu. Mwenye shamba husikia tu. Je, hesabu hiyo imetoka wapi? Mashine imefanya nini? Katika somo hili tutaona kwamba mashine hufanya kazi ambayo wewe waweza kuifanya kwa kamba, vigingi na kalamu. Elimu hiyo huitwa jiometri ya kompyuta. Jiometri ni elimu ya maumbo: mistari, kona na maeneo. Kompyuta ni mashine ya kufanya hesabu kwa haraka.

1. Kuzunguka shamba hakutoshi

Watu wengi vijijini hupima kwa hatua. Husema eka moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hicho si kibaya, mradi shamba liwe mraba na hatua ziwe za kawaida, karibu mita moja kasoro kidogo. Kwa mita, eka moja ni karibu mita za mraba 4,047. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, yaani karibu eka mbili na nusu.

Sasa fikiri juu ya mashamba matatu.

Shamba la kwanza ni hatua 70 kwa 70. Ukilizunguka lote unapata hatua 280. Eneo lake ni 70 mara 70, yaani hatua za mraba 4,900.

Shamba la pili ni hatua 100 kwa 40. Ukilizunguka unapata hatua 280. Eneo lake ni hatua za mraba 4,000.

Shamba la tatu ni hatua 130 kwa 10. Ukilizunguka unapata hatua 280 zile zile. Eneo lake ni hatua za mraba 1,300 tu.

Mashamba yote matatu yana mzunguko mmoja. Lakini la tatu halifiki hata theluthi ya la kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tumelizunguka, ni hatua 280, basi ni eka moja," usikubali. Mwulize urefu na upana.

2. Pembetatu ndiyo ufunguo

Chukua vijiti vinne vyenye urefu sawa. Vifunge ncha kwa ncha upate umbo la dirisha. Sasa sukuma kona moja. Umbo linalala upande. Vijiti ni vile vile, urefu ni ule ule, lakini nafasi ya ndani imepungua. Endelea kusukuma mpaka vijiti vikaribiane. Nafasi ya ndani inakaribia kwisha.

Sasa chukua vijiti vitatu, uvifunge vivyo hivyo. Sukuma. Umbo halisogei. Ndiyo maana fundi wa paa huweka mbao zake katika umbo la pembetatu.

Hapa pana somo kubwa. Ukijua urefu wa pande nne za shamba, bado hujajua eneo lake. Lakini ukijua urefu wa pande tatu za pembetatu, umbo lake limekwisha kufungwa. Haliwezi kukudanganya.

Eneo la pembetatu hupatikana hivi. Chukua karatasi yenye pande nne zilizonyooka, kama ukurasa wa daftari. Ikate kutoka kona moja hadi kona ya mbali. Unapata pembetatu mbili zilizo sawa. Kila moja ni nusu ya karatasi. Basi, kwa kila pembetatu, zidisha kitako kwa kimo, kisha gawa kwa mbili. Kitako ni upande uliouchagua. Kimo ni umbali kutoka kona ya mbali hadi kwenye mstari wa kitako, uliopimwa kwa kunyooka bila kulala upande.

Kila shamba lenye pande zilizonyooka laweza kukatwa pembetatu. Hesabu kona, toa mbili, utapata idadi ya pembetatu. Shamba la kona nne lina pembetatu mbili. La kona tano lina tatu. La kona nane lina sita. Angalia jambo moja tu: kila mstari wa kukata upite ndani ya shamba lako. Kama kona moja imeingia ndani, chagua mstari mwingine, usije ukapima ardhi ya jirani.

3. Kupata kona mraba kwa kamba

Kimo lazima kisimame sawasawa juu ya kitako, kama ukuta unavyosimama juu ya sakafu. Kona ya namna hiyo huitwa pembe mraba. Mafundi wa nyumba huipata kwa kamba. Nawe fanya hivi.

Chukua kamba ngumu isiyovutika. Weka alama kumi na tatu, kila moja mita moja kutoka nyingine. Umepata vipande 12. Funga alama ya kwanza na ya mwisho pamoja. Sasa vuta kamba upate pembetatu yenye upande wa mita 3, upande wa mita 4 na upande wa mita 5. Mahali ambapo upande wa 3 na upande wa 4 vinakutana, hapo ndipo pembe mraba.

4. Tupime shamba la kona nne

Chora picha hii kwenye udongo au daftari. Shamba lina kona nne. Tuziite A, B, C na D. A na C zinatazamana. B na D zinatazamana.

Kwanza, safisha njia na uvute kamba kutoka A hadi C. Tuseme umepata mita 100. Huo ndio mstari mkuu.

Pili, nenda kona B. Pima kutoka B hadi kwenye kamba kwa pembe mraba. Tuseme ni mita 30.

Tatu, nenda kona D, upande wa pili wa kamba. Pima vivyo hivyo. Tuseme ni mita 50.

Sasa fanya hesabu:

Pembetatu ya B: 100 mara 30 ni 3,000. Nusu yake ni 1,500.

Pembetatu ya D: 100 mara 50 ni 5,000. Nusu yake ni 2,500.

Jumla: 1,500 na 2,500 ni mita za mraba 4,000.

Shamba hili ni karibu eka moja. Limepungua mita za mraba 47.

5. Hesabu inayompunja mnunuzi

Iko njia nyingine ambayo watu huipenda kwa sababu ni fupi. Hupima pande nne tu. Huchukua pande mbili zinazotazamana, hujumlisha na kugawa kwa mbili. Hufanya hivyo kwa pande nyingine mbili. Kisha huzidisha. Njia hii ni ya zamani sana. Wamisri wa kale waliitumia, nayo imeandikwa kwenye kuta za hekalu la Edfu.

Tuijaribu kwenye shamba letu. Pande zake ni karibu mita 58, 58, 78 na 64.

Upande wa A hadi B ni 58, unatazamana na wa C hadi D, ambao ni 78. Jumla ni 136, nusu yake 68.

Upande wa B hadi C ni 58, unatazamana na wa D hadi A, ambao ni 64. Jumla ni 122, nusu yake 61.

68 mara 61 ni mita za mraba 4,148.

Lakini sisi tumepata 4,000. Mita za mraba 148 zimetoka wapi? Hazipo. Ni hesabu tu imeziongeza. Kama mibuni imepandwa mita 3 kwa mita 3, kila mbuni unachukua mita za mraba 9. Mita 148 ni nafasi ya mibuni 16. Mnunuzi atalipa fedha za nafasi ya mibuni 16 ambayo haitaota mahali popote.

Tena, njia hii haikosei mara huku mara kule. Shamba la kona nne likiwa si mstatili, njia hii huzidisha siku zote. Kwa hiyo anayeumia ni mnunuzi kila mara, au mrithi anayeambiwa, "Wewe umekwisha kupata eka yako." Umekumbuka vile vijiti vinne? Ndiyo sababu yake.

6. Mlima na kamba

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima. Ukilaza kamba juu ya mteremko, unapima urefu wa mteremko, si urefu wa ramani. Mashine hupima ardhi kama inavyoonekana na ndege aliye juu. Kwa hiyo vipimo viwili vyaweza kutofautiana ingawa hakuna aliyedanganya.

Kwa mfano, kamba iliyolala juu ya mteremko ni mita 26. Kilima kimepanda mita 10. Kwenye ramani urefu huo ni mita 24 tu.

Dawa yake ni rahisi. Pima vipande vifupi. Mtu wa chini anyanyue kamba hadi ilale sawa kama maji katika beseni. Mahali kamba inapoishia juu, shusha jiwe lililofungwa uzi, upate alama chini. Endelea hivyo kama mtu anayepanda ngazi.

7. Kompyuta inapimaje?

Kompyuta haina macho ya kuona migomba yako. Inajua namba tu. Kwa hiyo kila kona ya shamba lazima igeuzwe kuwa namba mbili. Namba ya kwanza inasema kona iko umbali gani kuelekea mashariki. Namba ya pili inasema iko umbali gani kuelekea kaskazini.

Kifaa cha GPS ndicho kinachotoa namba hizo. Huzipata kwa kusikiliza ishara za setilaiti, yaani vyombo vinavyoizunguka dunia huko juu sana. Kifaa hulinganisha muda ambao ishara zimetumia kufika. Kikisikia setilaiti nne au zaidi, chaweza kujua mahali kilipo. Simu nyingi za kisasa zina kifaa hicho ndani yake.

Turudi kwenye shamba letu. Tuanze kuhesabu kutoka kona A.

Kona A: mashariki 0, kaskazini 0.
Kona B: mashariki 58, kaskazini 6.
Kona C: mashariki 80, kaskazini 60.
Kona D: mashariki 2, kaskazini 64.

Sasa kompyuta huzichukua kona mbili mbili kwa kufuatana. Huzidisha mashariki ya kona ya kwanza kwa kaskazini ya kona inayofuata. Kisha hutoa mashariki ya inayofuata mara kaskazini ya kwanza. Tazama:

A na B: 0 mara 6, toa 58 mara 0. Jibu ni 0.
B na C: 58 mara 60 ni 3,480. Toa 80 mara 6, ambayo ni 480. Jibu ni 3,000.
C na D: 80 mara 64 ni 5,120. Toa 2 mara 60, ambayo ni 120. Jibu ni 5,000.
D na A: 2 mara 0, toa 0 mara 64. Jibu ni 0.

Jumla ni 8,000. Gawa kwa mbili. Jibu ni mita za mraba 4,000.

Ni jibu lile lile la kamba! Angalia tena zile namba 3,000 na 5,000. Ndizo tulizozipata katika sehemu ya 4 kabla ya kugawa kwa mbili. Kompyuta nayo inakata shamba pembetatu. Haina uchawi wowote. Inatushinda kwa haraka tu. Shamba la kona mia moja hulimaliza kabla hujapepesa jicho.

Lakini kompyuta haijui kama umeipa namba mbaya. Mambo mawili huharibu kazi.

La kwanza ni mpangilio. Kona lazima ziandikwe kwa kufuatana, kama unavyozunguka mpaka. Mtu akiandika A, C, B, D kwa makosa, hesabu ile ile itatoa mita za mraba 350 badala ya 4,000. Shamba limemezwa na kosa la kuandika.

La pili ni kifaa chenyewe. Kifaa kidogo au simu huweza kukosea mita kadhaa, hasa chini ya miti mikubwa au kwenye bonde jembamba. Kwa shamba kubwa kosa hilo ni dogo. Kwa kiwanja kidogo ni kubwa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Kikipimwa kama mita 23 kwa 23, kinakuwa 529. Kwa hiyo kiwanja kidogo kipimwe pia kwa kamba.

8. Ndani au nje?

Kompyuta huulizwa pia swali jingine: mahali hapa pako ndani ya mpaka au nje?

Kwa macho ni rahisi kujibu. Lakini kompyuta haina macho. Hufanya hivi. Huchora mstari mmoja ulionyooka kutoka mahali hapo kwenda mbali sana. Kisha huhesabu mstari huo umeuvuka mpaka mara ngapi. Mara 1, 3 au 5, mahali hapo pako ndani. Mara 0, 2 au 4, pako nje. Ni kama mtu aliye ndani ya ua. Akitoka huvuka ua mara moja. Akirudi huvuka mara ya pili. Akitoka tena, mara ya tatu. Chora shamba lililopinda kwenye udongo, ujaribu mwenyewe.

Swali hili linatuhusu sana. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa na Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Kwa anayelima au kuchunga karibu na hifadhi, kuwa ndani au nje ni jambo kubwa.

Kahawa nayo imeingia humo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kuhusu kahawa na mazao mengine yanayoingizwa kwao. Sheria inataka ijulikane zao limetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikupatikana kwa kukata msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Siku ya kuanza kuitumia imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Shamba linalozidi hekta 4 litahitaji namba za mpaka wake wote. Shamba dogo laweza kuonyeshwa kwa namba za mahali pamoja tu. Kisha kompyuta itauliza: pako ndani ya msitu uliokatwa au nje? Mpimaji akisimama upande mbaya wa mpaka na kubonyeza, mkulima asiye na kosa aweza kuonekana amekata msitu. Kwa hiyo mtu anapokuja kuandika shamba lako, fuatana naye. Mwonyeshe mahali pa kusimama.

9. Siku ya kupima ardhi yako

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mama uliyefiwa na mume, somo hili ni lako pia. Anayejua kipimo cha kibanja chake hagawiwi kwa kukisia.

Siku hiyo ikifika, kumbuka haya:

Waite majirani wote wanaopakana nawe. Mashine haijui mpaka uko wapi. Wanaojua ni watu.

Tembea na mpimaji kutoka kona hadi kona. Hesabu kona kwa sauti.

Mwombe asimame kimya kidogo kwenye kila kona kabla ya kubonyeza.

Andika namba za kila kona katika daftari lako, kwa mpangilio.

Uliza jibu ni la mita za mraba, eka au hekta.

Nyumbani, kata shamba pembetatu kwa kamba, ulinganishe. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Tofauti ikiwa kubwa, omba lipimwe tena kabla hujatia sahihi.

Elimu ya jiometri ya kompyuta si ya zamani sana. Mwaka 1978 Michael Shamos wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliiandikia kitabu cha shahada yake ya udaktari. Lakini msingi wake ni pembetatu na kamba, vitu ambavyo wakulima na mafundi wamevitumia tangu kale. Wewe uliyejifunza kusoma na kuhesabu umekwisha kuingia mlangoni.

Maswali

1. Shamba moja ni hatua 90 kwa 50. Jingine ni hatua 120 kwa 20. Yazunguke yote mawili kwa hesabu. Kisha tafuta eneo la kila moja.

2. Shamba la kona saba hukatwa pembetatu ngapi?

3. Kitako cha pembetatu ni mita 60 na kimo ni mita 40. Eneo lake ni nini?

4. Kwa nini urefu wa pande nne peke yake hautoshi kujua eneo la shamba? Tumia vijiti kumweleza mwenzako.

5. Darasa zima liende kwenye shamba moja la jirani anayekubali. Kundi moja lipime kwa kamba. Kundi la pili lipime kwa simu au kifaa cha GPS, kama kipo. Linganisheni majibu. Jadilini tofauti imetoka wapi.